Sinema isiyo na hadithi, na minervali ya mtoto



Juma hili tunajibu ulizo lililotoka katika kikundi kimoja cha likelemba. Mama mmoja, mwuzaji wa unga sokoni, ana binti aliyepata diploma ya Serikali. Tangu binti alipoingia sekondari, nyumba nzima ilisema huyu atasoma sheria. Sasa diploma imepatikana, na binti anasema hataki sheria, anataka sinema. Tena si sinema ya kawaida, ile ya mume na mke na shangazi mchawi. Anataka ile wanayoita sinema ya majaribio: picha zisizo na hadithi, ambazo mtu anaweza kuketi mbele yake nusu saa na kuondoka bila kujua nani alikuwa nani. Mama anauliza kama alipe minervali ya kitu ambacho binti mwenyewe, alipoombwa akieleze, alinyamaza na kumwonyesha telefone.

Ulizo ni la pesa, na tutafika kwenye pesa. Lakini hakuna mama anayenunua kitenge bila kukishika kwanza na kukigeuza upande wa ndani. Basi tukishike kitu hiki.

Filamu tulizozoea zina njia moja. Kuna mtu, mtu ana shida, kuna adui, wanagombana, mwisho mmoja analia na mwingine anaolewa. Sinema ya majaribio inaacha njia hiyo na kuangalia vitu ambavyo filamu imefanyizwa navyo: mwanga, muda, sauti, kurudia. Inauliza itakuwaje kama picha moja itakaa bila kukatwa mpaka tuanze kuona vitu ambavyo hatukuviona mwanzoni. Itakuwaje kama sauti ni ya mahali pengine kuliko picha. Kwenye kilio, wimbo hausimulii maisha ya marehemu tangu kuzaliwa kwake. Unarudia neno moja, sauti inapanda, inashuka, na watu wote wanaelewa. Hakuna anayeuliza hadithi iko wapi. Na juu ya kitenge vilevile: maua na duara zinarudi, zinageuka, zinarudi tena, na jicho linafurahi. Sisi tayari tunajua sanaa isiyosimulia. Tumezoea tu kutoitegemea kwenye ekrani.

Jina lake la zamani ni avangadi, neno la Kifaransa lililotoka jeshini: wale wachache wanaotangulia mbele ya wengine kutafuta njia. Kwa kawaida hao ndio wanaokanyaga miiba kwanza.

Na mmoja wa waliotangulia alikuwa mwanamke. Maya Deren alizaliwa Kyiv mwaka 1917, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akasoma mpaka akapata digrii ya pili ya fasihi katika chuo cha Smith mwaka 1939. Baba yake alipokufa alimwachia pesa kidogo, na kwa pesa hiyo alinunua kamera iliyokwisha kutumika, ya aina ya Bolex. Kamera hiyo haihitaji umeme. Unazungusha ufunguo kama wa saa ya ukutani, nayo inapiga picha kwa karibu nusu dakika, kisha unazungusha tena. Mwaka 1943, yeye na mume wake Alexander Hammid walipiga filamu ya dakika 14 ndani ya nyumba waliyokaa, huko Los Angeles. Vitu vilivyomo ni vile ambavyo kila mama anavyo karibu: ufunguo, kisu, mkate, telefone, ngazi, ua moja. Mwanamke analala kwenye kiti, na anajiona mwenyewe akiingia nyumbani tena na tena, kila mara kitu kimebadilika mahali pake. Leo filamu hiyo, Meshes of the Afternoon, inafundishwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Haikutengenezwa studio. Ilitengenezwa nyumbani, mchana, kwa vyombo vya nyumbani.

Lakini mtu ambaye tunataka mama huyu amjue zaidi ya wote ni binti wa Bruxelles, mji ambao wengi wetu tuna ndugu kule. Chantal Akerman alizaliwa mwaka 1950. Mama yake, Natalia, alikuwa Myahudi kutoka Poland, aliyepona katika kambi ya Auschwitz, na juu ya mambo hayo hakupenda kuongea. Hapa kwetu tunazijua nyumba za namna hiyo. Mama anapika, anafua, anauliza kama mtoto amekula, na kuna chumba kimoja ndani yake ambacho hakifunguliwi.

Chantal aliingia shule ya sinema ya INSAS mwaka 1967, na mwaka wa kwanza haukuisha akatoka. Mwaka 1968, akiwa na miaka 18, alipiga filamu ya dakika 13 ndani ya jikoni. Yeye mwenyewe ndiye anayeonekana: anapika, anamwaga maji, anasafisha kwa fujo, anapaka viatu rangi mpaka anapaka na miguu yake, anaimba peke yake, na mwisho anafungua gesi. Mchezo unakuwa si mchezo tena. Ukiangalia mara ya pili unaona kwamba ni filamu juu ya kazi ya jikoni inayomla mtu.

Miaka michache baadaye alikwenda New York, na huko aliona filamu za watu wa majaribio. Akaona kwamba muda unaweza kuachwa uwe mrefu, kwamba mtazamaji anaweza kuombwa angoje. Aliporudi alichukua somo hilo na kulipeleka mahali ambapo wanaume wale hawakulipeleka: kwenye meza ya mama. Mwaka 1975, kabla ya kutimiza miaka 25, alitoa filamu ambayo jina lake ni jina la mwanamke pamoja na adresi ya nyumba yake: Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Urefu wake ni saa 3 na dakika 21.

Kinachoonekana ndani yake ni hiki. Mjane mmoja anaishi na mtoto wake mvulana. Tunamwona siku tatu. Anatandika kitanda. Anawasha moto, anaweka viazi. Anaosha vyombo, mgongo wake ukiwa kwetu, na tunangoja mpaka sahani ya mwisho. Anakanda nyama. Anazima taa kila anapotoka chumbani, kwa sababu umeme ni pesa. Mchana, mwanaume anakuja, mlango wa chumba unafungwa, unafunguliwa, mwanaume anatoa pesa na kwenda. Pesa inawekwa ndani ya chombo mezani. Ndiyo, wapendwa, ndivyo mjane huyo anavyolisha nyumba. Filamu haimtukani na haimlilii. Inaonyesha kwamba kwake ni kazi kati ya kazi, saa yake iko kati ya viazi na chakula cha jioni.

Siku ya pili viazi vinaungua. Ni hivyo tu. Lakini sisi ambao tumemwona siku ya kwanza akivipika vizuri, dakika kwa dakika, tunashituka kama vile nyumba imeanguka. Anabeba chungu kutoka chumba hiki mpaka chumba kile na hajui akiweke wapi. Kama Akerman angekata picha za siku ya kwanza ili ziwe fupi, viazi hivyo visingekuwa kitu. Uzito wake umetoka katika muda. Hili ndilo linalofundishwa katika darasa ambalo binti yule anataka kuingia, na mama aliyewahi kuchelewa kugeuza ugali kwa sababu kichwa chake kilikuwa kwenye deni analielewa kuliko profesa. Siku ya tatu inaisha vibaya sana. Hatutasema zaidi, mtaona wenyewe.

Akerman alisema kwamba mikono ile ya kukanda na kukunja aliiona kwa mama yake na mama wadogo wake alipokuwa mtoto. Waliopiga filamu hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake: Babette Mangolte kwenye kamera, Patricia Canino kwenye montaji. Mwaka 2022, gazeti la Uingereza linaloitwa Sight and Sound, ambalo tangu 1952 linauliza wajuzi kila miaka kumi ni filamu gani kubwa kupita zote, liliuliza watu zaidi ya 1,600. Jibu lilikuwa filamu hii. Kabla ya hapo hakuna filamu ya mwanamke iliyopata nafasi ya kwanza. Na haikuwa juu ya vita, wala mfalme, wala kwenda mwezini.

Kuna nyingine yake, News from Home, ya mwaka 1977, ambayo tungependa ionyeshwe kwa kila mama mwenye mtoto mbali. Tunaona barabara za New York, treni ya chini ya ardhi, watu wasiojulikana. Sauti ni ya Chantal akisoma barua alizoandikiwa na mama yake kutoka Bruxelles: huyu ni mgonjwa, yule ameposwa, mbona huandiki, uangalie afya yako. Mara kwa mara kelele za magari zinapanda na kuifunika sauti, na maneno ya mama yanapotea. Hakuna mwigizaji hata mmoja. Wale kati yetu wanaotuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp na kuona kwamba umefika lakini haujasikilizwa, wataelewa bila kuelezwa.

Tumekaa sana kwa Akerman, na tumefanya hivyo kwa kusudi. Mama aliyetuuliza anafikiri binti yake anataka kukimbilia kitu cha mbali, kitu cha watu wasio na kazi. Sisi tunaona kwamba kitu hicho, kwa mkono mzuri, kimeangalia kazi ya mama kwa uangalifu ambao filamu zenye hadithi hazijawahi kuwa nao. Katika filamu zile mama anaonekana akileta chai, kisha anatoka.

Sasa, darasani wanafanya nini? Kwa miaka mingi vyuo vilivyofundisha mambo haya vilikuwa vichache sana. Watu walijifunza wao kwa wao. Huko Marekani vyuo vikuu vilianza kufungua milango katika miaka ya 1960. Kule Binghamton, katika jimbo la New York, watengenezaji filamu wawili, Ken Jacobs na Larry Gottheim, walianzisha idara ya sinema mwaka 1969, na wanafunzi wakafundishwa na watu waliokuwa wakitengeneza filamu zenyewe. Stan Brakhage, ambaye alipokuwa kijana aliacha chuo bila kumaliza, alifundisha miaka mingi Chicago na kisha katika Chuo Kikuu cha Colorado. Akerman naye, yule aliyetoka shuleni mwaka wa kwanza, katika miaka yake ya mwisho alikuwa mwalimu huko City College ya New York. Wamama wanaosema mtoto akitoka shule amekwisha, waandike hilo pembeni. Na watoto wanaosema basi hakuna haja ya shule, waandike kwamba wote wawili walirudi kwenye shule.

Kazi za darasani ni za mikono. Mwanafunzi anaambiwa apige picha moja tu, dakika tatu, kamera isisogee, na asikate. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Lazima uchague mahali pa kusimama, saa ya mwanga, kimo cha kamera, na kama mtu atapita mbele, umwache apite. Anaambiwa arekodi sauti bila picha na kuileta. Anapewa picha za zamani za mtu mwingine azikate na kuziunga upya ili ziseme kitu kingine. Kwa sisi tuliorithi sanduku nzima la filamu za wakoloni zinazotuonyesha tukipiga makofi, zoezi hilo si mchezo. Pengine anaambiwa atengeneze filamu bila kamera kabisa. Mwaka 1963 Brakhage, ambaye hakuwa na pesa ya kununua filamu mpya, alikusanya mabawa ya nondo waliokufa karibu na taa, akaongeza majani na nyasi, akavibana kati ya vipande viwili vya utepe unaopenya mwanga na kuvipitisha kwenye mashine. Filamu hiyo, Mothlight, ina dakika karibu nne, haina sauti, na mabawa yale yanaruka tena.

Kisha wanakaa pamoja na kuangalia kazi ya kila mmoja. Kwanza kila mtu aseme alichoona na alichosikia, si alichofikiri kina maana gani. Wanafunzi wengi wanaona hiyo ndiyo saa ngumu kuliko zote.

Filamu ambayo kwa hakika ingezua maneno katika mkutano wetu ni nyingine ya Brakhage, ya mwaka 1959, ya dakika 13. Alimpiga picha mke wake Jane akimzaa mtoto wao wa kwanza, nyumbani, kila kitu wazi. Wakati ule huko Marekani mambo hayo hayakuonyeshwa. Wengine waliona utukufu. Wanawake wengine waliuliza mwanaume huyu alikuwa anafanya nini na kamera wakati mke wake ana uchungu. Sisi katika kamati hatukukubaliana. Mmoja wetu aliye mkunga alisema kwamba vijana wote wangeonyeshwa, wajue walikotoka. Mwingine alisema hata Mungu aliweka giza tumboni kwa sababu. Jambo moja lilitugusa sote: ndani ya filamu hiyo, Jane mwenyewe alichukua kamera na kumpiga picha mume wake. Aliyekuwa anaangaliwa naye akaangalia.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa sisi wa Kivu ni zito kupita minervali. Sisi tunazijua kamera. Zimekuja hapa miaka mingi. Mama anaketishwa kwenye kiti cha plastiki, anaombwa aeleze walivyomfanyia, kamera inasogea karibu na macho yake mpaka analia, na siku hiyo hiyo gari inaondoka. Picha imekwenda mbali. Mama amebaki na majirani ambao sasa wanajua. Hatusemi wote waliokuja walikuwa na nia mbaya. Tunasema walijifunza sinema ya namna moja tu, ile inayohitaji machozi ili hadithi itembee.

Akerman aliweka kamera yake mbele ya Jeanne, si juu ya kichwa chake wala ndani ya uso wake, mahali ambapo mtu anayeheshimu angeketi. Hakumkata vipande. Mjukuu wetu akijifunza hilo, kesho akishika kamera katika kijiji chetu atajua kwamba mikono inayopepeta maharagwe inaweza kusema juu ya vita bila mwenye mikono kulazimishwa kufungua kinywa. Tungependa watoto wetu, na hasa wasichana, wawe ndio wanaoshika kamera hizo.

Mtu asiseme haya ni ya Ulaya na Marekani. Kiripi Katembo Siku alizaliwa Goma mwaka 1979. Alisoma katika Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, kwanza akiwa mchoraji. Mwaka 2008 alitengeneza filamu fupi, Voiture en carton: aliweka telefone juu ya kigari cha kuchezea, mtoto akakivuta barabarani, na Kinshasa yote ikaonekana kutoka chini, kimo cha watoto. Fikirini bei ya kigari hicho. Baadaye, kwa sababu wengi mjini hawakutaka kupigwa picha, alipiga vivuli vyao ndani ya maji ya mvua yaliyosimama barabarani, akaigeuza picha juu chini. Maji machafu tunayoruka kila siku yakawa kioo. Picha hizo zilionyeshwa mpaka Paris. Alikufa mwaka 2015, kwa malaria, na miaka 36.

Nelson Makengo naye alipita katika Académie hiyo hiyo. Filamu yake ya 2019, Nuit debout, ina dakika 20 hivi, na inaonyesha Kinshasa isiyo na umeme. Ekrani imegawanywa sehemu tatu, picha tatu kwa mara moja, na katika giza tunaona taa za mkononi, sura, sauti za watu wanaongoja. Ilipata zawadi ya filamu fupi kwenye tamasha la filamu za ukweli la Amsterdam, IDFA. Ile ndefu iliyofuata, Tongo Saa, ilionyeshwa Berlin mwaka 2024. Ndani yake watu wa mtaa wanachanga pesa ili kununua kable ya umeme. Likelemba, kwa jina lingine. Kule Lubumbashi, Tétshim na Frank Mukunday, ambao walijifundisha wenyewe, walitengeneza Machini kwa kusogeza mawe kidogo kidogo mbele ya kamera, katika mji ambao mawe ndiyo yanayolisha na ndiyo yanayoua. Na hapa karibu, Goma, mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo alianzisha Yole!Africa, kituo ambacho vijana wengi walishika kamera kwa mara ya kwanza.

Tuje kwenye pesa basi. Tuseme bila kuficha: karibu hakuna mtu anayekula kutokana na sinema ya majaribio peke yake. Deren alikuwa akizunguka na filamu zake kwenye vyuo na kutoa hotuba. Wengine waliishi kwa kufundisha. Anayeahidi binti yako kwamba atatajirika anataka kumwuzia kitu. Lakini mtoto anayejua kurekodi sauti vizuri, kupanga mwanga, na kufanya montaji kwenye ordinateri, hakosi kazi katika miji yetu: arusi, makanisa, redio na televisheni, mashirika yanayohitaji filamu fupi za afya. Kwa hiyo kabla ya kutoa franka, mama aende mwenyewe kwenye shule hiyo, asitume shemeji. Aulize kamera ni ngapi na wanafunzi wangapi. Umeme unapokatika wanafanya nini? Mwanafunzi anamaliza mwaka akiwa na filamu ngapi mkononi? Shule isiyoweza kuonyesha filamu hata moja ya wanafunzi wake wa mwaka uliopita inauza maelezo tu, na maelezo anaweza kuyapata kwa bei nafuu kwingine. Aulize pia diploma inatambuliwa na nani.

Parseli isiuzwe. Juu ya hilo kamati nzima ilikuwa na sauti moja. Lipa mwaka mmoja, mwone kazi, kisha mwaka wa pili. Na wakati wa kungoja kuandikishwa, binti aanze na telefone ile ile aliyomwonyesha mama yake: dakika tatu, bila kusogea, bila kukata, mama akipima unga sokoni. Si kwa siri. Aombe ruhusa, na mama aseme ndiyo ao hapana.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Mjini kuna wanaume wanaojiita watengenezaji filamu, wanaita wasichana usiku kwenye vyumba kwa jina la majaribio ya uigizaji. Neno majaribio lisiwachanganye. Shule ina mlango, ina saa, ina orodha ya walimu. Asiyekuwa na hivyo vitatu, binti asiende, hata kama ana kamera kubwa kama mtungi.

Tena tunauliza, na hili ni kati yetu tu: kama aliyetaka sinema angekuwa kaka yake, je, ulizo lingefika kwenye likelemba?

Vikundi vinavyotaka kuona filamu ya Jeanne Dielman pamoja, mjue kwamba saa 3 na dakika 21 ni petroli nyingi ya jenereta, basi changeni mapema. Chagueni Jumapili mchana, watoto wabaki kwa bibi, kwa sababu siku ya tatu si yao. Na kila mama aje na viazi vyake vya kumenya; mikono itakuwa na kazi, na tutaona nani atamaliza kwanza, sisi ao Jeanne.